Sahani Zilizorudi Tupu

Mwezi uliopita nilikuwa narudi mjini kutoka Kamanga, nimekaa kwenye benchi la kivuko na kikapu changu cha mihogo miguuni, ndipo akapita msichana anayeuza senene wa kukaanga kwenye vifuko vya nailoni. Harufu ilinifikia kabla sijasikia sauti yake. Nilikuwa sijalia tangu tulipomzika mama kule Buhongwa. Msibani nilishughulika na masufuria, na mikeka, na nani alale wapi, watu wakanisifu kwa kujikaza. Basi pale kivukoni, mbele ya abiria na kuku wao, nililia mpaka yule msichana akadhani nalilia bei, akaniongezea kifuko cha pili bure. Nilikipokea. Mama angenisema kama ningekikataa.

Ninyi mliokua enzi zetu, enzi za koroboi na viatu vya kuvaliwa Idi tu, nadhani kila mmoja ana chakula ambacho akikinusa anarudi kuwa na kimo cha meza. Changu ni hicho, na wala si chakula cha kwetu Mwanza. Kilivuka ziwa kumfuata mama.

Mama alikuwa Mganda, mtu wa Masaka. Baba, Mmanyema aliyezaliwa hapa hapa Mwanza, alikuwa fundi bati, na katika ujana wake alizunguka ziwa zima na nyundo yake akitafuta kazi. Pale bandari ya Bukakata alikaa msimu mzima akitengeneza ndoo na taa, akamwona mama akija kuuza ndizi. Aliondoka nyumbani kwenda kutafuta mali akarudi na mke. Hivyo ndivyo shangazi alivyopenda kusimulia, na hakuwa anamsifia.

Tulikaa Kirumba, kwenye nyumba ya wapangaji yenye ua mmoja. Chumba cha kwanza alikaa Mama Kulwa, Msukuma mwenye kicheko cha kutisha njiwa, ambaye mapacha wake Kulwa na Doto walikuwa wenzangu wa kucheza. Mkabala naye alikaa Mama Achieng', Mluo, muuza samaki. Karibu na mlango wa nje alikaa Maalim, mzee mpole aliyetufundisha Kurani sisi watoto wa Kiislamu. Wote walimwita mama "Mama Mganda", kana kwamba hakuwa amenizaa mimi bali alikuwa amezaa nchi yake.

Kiswahili cha mama kilikuwa kizuri ila kilikuwa na kwao ndani yake. Hakuwa mtu wa kulalamika. Lakini asubuhi, akichota maji, alikuwa akiyatazama majabali ya Mwanza na kusema, "Nchi gani hii, mawe yamepanda juu ya mawe kama watu waliosusa?" Na ndizi za sokoni kwetu alizibonyeza kwa kidole gumba, akazirudisha, akaguna. Alikula ugali, akajifunza kupika furu, vile visamaki vya ziwani, kwa karanga, akazoea. Hata hivyo nilijua, kama watoto wanavyojua mambo bila kuambiwa, kwamba mama alikuwa anakaa kwetu lakini hajamaliza kufika.

Isipokuwa mara moja kwa mwaka. Mvua za vuli zilipoanza, Jaja alituma furushi. Jaja ni bibi kwa lugha ya mama, na huyu alikuwa ndiye mama yake mzazi. Mimi sikuwahi kumwona. Nilijua tu kwamba anaitwa Mariamu, kwa sababu mama alinifundisha kumtaja kwenye dua, na kwamba kule kwao senene wanapotua kwa wingi, watu hutoka na vikapu wakicheka kama wamekwenda harusini. Furushi lililetwa na Mzee Sulemani, mpishi wa melini, mtu wa kijiji kimoja na mama. Meli ikishazunguka kutoka Bukakata na kupita Bukoba, yeye alishuka bandarini, akaja kwa miguu mpaka Kirumba akiwa amelikumbatia furushi kama mtoto.

Senene walikuwa wameondolewa mabawa na miguu, wamekaushwa kwa moshi, wamepangwa ndani ya majani makavu ya mgomba. Katikati yao Jaja aliweka majani ya mujaja, yale yenye harufu nzuri ambayo Waganda hutia kwenye chai. Nje alifunga kwa kamba ya mgomba, na fundo lake lilikuwa na adabu yake. Ncha ilifichwa ndani. Ukiipata, unavuta mara moja tu, furushi zima linafunguka na kamba inabaki nzima. Mama hakuruhusu kisu kiguse kamba zile. Alizitunza, akafungia mikeka, akafungia mboga, akafungia hata nywele zangu.

Baba yeye hakujua kufunga kitu. Alikuwa anasokota. Kamba ya mbuzi, kamba ya kiatu, mfuko wa sukari, vyote alivisokota kama waya wa mshikio wa ndoo, akamalizia kwa kukunja ncha pembeni ili zisimchome mtu. Mama alimcheka kwa hilo mpaka machozi yamtoke. "Siku nikifa," alimwambia, "sanda yangu afunge mwingine."

Mwaka wa kwanza mama alipowagawia majirani, mimi nilikuwa bado sijazaliwa, lakini kisa chenyewe kilisimuliwa mara nyingi hata nikawa naona kama nilikuwepo. Mama Kulwa alifunua sahani akaruka nyuma. "Panzi! Mama Mganda, kwenu kulikuwa na njaa kiasi hicho?"

"Na ninyi mnaokula furu na macho yake yanawatazama?" mama akamjibu.

Wakamwita Maalim aamue. Maalim akasema nzige ni halali, na senene ni ndugu yake nzige, kisha akachota mkono mzima ili kuthibitisha. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kubembelezwa. Mimi nilipopata akili, vuli ikianza, Mama Kulwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza meli iko wapi. "Mama Mganda, kalibu natembea mwenyewe mpaka Bukakata," alisema, maana r na l kwake zilikuwa kitu kimoja.

Siku ya furushi, mama alijitengea gao la kwanza, kiasi cha kiganja kimoja, akasimama nyuma ya mlango peke yake, akala taratibu akiwa amefumba macho. Hapo hakusemeshwa. Kisha alikaanga waliobaki kwa chumvi na kitunguu, wakachuruzika mafuta yao wenyewe, akawagawa kwenye sahani za bati zenye maua, nami nikatumwa mlango kwa mlango. Na mnajua desturi yetu, sahani ya jirani hairudishwi mikono mitupu. Mama Kulwa aliirudisha na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, au karanga. Mama Achieng' alirudisha furu wabichi, wale furu ambao siku hizi ukiwataja kwa watoto wanadhani unasimulia ngano. Maalim, aliyekuwa hana mke wala jiko la maana, alirudisha sahani na tende mbili tatu alizokuwa amezificha tangu Ramadhani. Mimi nilikuwa mchukuzi wa furaha hiyo kwenda na kurudi, na nililamba vidole njia nzima.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule wa Uhuru. Mama alikuwa mjamzito. Kabla ya hapo alikuwa na mimba nyingine, na ikaharibika. Mjomba wangu, kaka yake mama, alifariki kule Masaka, na Mzee Sulemani, aliposhuka melini, alimpa mama habari pale pale mlangoni, wamesimama, bila hata kumwambia aketi. Mama alianguka. Wiki haikuisha, mtoto naye akaenda. Sulemani hakujisamehe. Kila alipokuja baada ya hapo aliongea na mama huku akitazama miguu yake mwenyewe.

Kwa hiyo mimba hii ilichungwa na ua mzima. Mama hakuachiwa abebe ndoo. Mama Kulwa alimsagia unga, Mama Achieng' alimletea mchuzi wa samaki. Na mama mwenyewe alikuwa na neno moja tu mdomoni: mtoto akishapata nguvu za shingo, anapanda naye meli, anampeleka kwa Jaja akamwone. Alikuwa hajakanyaga kwao tangu aolewe. Alishaanza kuweka akiba ya zawadi, kipande cha kitambaa hapa, sabuni ya kunukia pale, ndani ya sanduku alilolifuta kwa nguo yenye maji ya mkaratusi.

Nikamwambia, kwa busara zangu za mtoto, "Akiwa msichana tumwite Mariamu, kama Jaja." Mama alinifinya sikio, na hakunifinya kwa utani.

"Unataka kumzika Jaja? Kwetu jina la mtu mkubwa halipewi mtoto mwenyewe akiwa bado analiitikia."

Nikaomba msamaha. Nikakaa siku nzima nikiogopa kwamba nimemdhuru bibi wa watu kule ng'ambo.

Mvua za kwanza zilipokaribia, Mzee Sulemani alikuja mikono mitupu, na hakuja nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kazi cha baba, nyuma ya soko. Nilikuwa huko, nakusanya vipande vya bati vya kuchezea. Walizungumza kwa sauti ya chini, wakaniona, wakanyamaza. "Shikamoo, mzee," nikasema. "Marahaba, mwanangu," akajibu, akanipa ndizi mbivu, akaondoka. Baba alibaki akigonga. Aligonga ndoo moja mchana kutwa, akaigonga mpaka ikakosa umbo, na alipoona ninamtazama akasema bati za siku hizi hazifai. Niliamini. Alikuwa na kazi nyingi wakati ule, watu wakitaka taa za kutundika siku ya Uhuru, nikadhani amechoka.

Siku chache baadaye baba akaja na furushi.

"Sulemani ana homa, hakuweza kufika," alisema. "Nimelichukua melini mwenyewe." Kisha akasema anakwenda kusali, ijapokuwa Maalim alikuwa bado hajaadhini, akatoka upesi.

Mama alilipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, tumbo limemtangulia, uso umemfunguka kwa furaha. Akaliweka magotini na kidole chake kikaenda chenyewe kutafuta ncha iliyofichwa. Hakuipata. Nami nilikuwa nimeinama pale pale, kwa hiyo niliona alichokiona. Kamba ilikuwa ya mgomba, safi, lakini ncha zake mbili zilikuwa zimesokotwa pamoja, zikasokotwa tena, zikakazwa, na mwishoni zimekunjwa pembeni ili zisimchome mtu.

Mama alikaa akiitazama. Nilimwuliza kama amepoteza ncha. Baadaye akaanza kusokotoa polepole, akirudisha nyuma kila msokoto, mpaka kamba ikaachia. Akafunua majani, akayainua puani. Akachagua senene mmoja, akamtia mdomoni, akatafuna muda mrefu. Hapakuwa na jani la mujaja popote.

"Wameharibika?" nikauliza, maana nilimwona amebadilika rangi.

"Wazima," alisema. "Wa Bukoba hawa. Wazuri." Akaweka mkono chini ya tumbo, kama mtu anayeshika mzigo usiteleze, akavuta pumzi, akaitoa. Akavuta nyingine. Nilidhani mtoto amempiga teke.

Hakujitengea gao la kwanza. Hakwenda nyuma ya mlango. Alipuliza moto, akakaanga wote, hakubakisha hata mmoja, na akaongeza mkate wa kumimina na maharage ya nazi ambayo hayakuwa yamepangwa kwa siku ile. Hakuimba kama miaka mingine. Nikahesabu haraka kichwani mwangu: chakula kingi, wiki za Uhuru, shuleni tunafundishwa nyimbo, mjini bendera zinashonwa. Nikapata jibu. Mama anasherehekea Uhuru. Nilijiona nina akili sana.

Alipanga sahani, akajifunga kanga kichwani, akanishika mabega.

"Sikiliza vizuri. Waambie wale chakula chote. Na sahani zirudi tupu. Mtu asiniwekee kitu."

"Hata michembe?"

"Hata michembe."

Nikaenda. Kwa Mama Kulwa niliingia nikipiga kelele kwamba leo ni sherehe ya Uhuru na mama amesema sahani zirudi tupu. Mama Kulwa alikuwa anacheka na Kulwa juu ya jambo fulani. Kicheko kikamkatikia kinywani. Aliniambia nirudie maneno ya mama, yale yale, nisiongeze langu. Nikarudia. Akakaa chini, sakafuni, akavuta upande wa kanga akajifunika kichwa. Akawaita Kulwa na Doto waje wale, na Doto alipoanza kuchezea chakula akampiga kofi la mkono. Wakala kimya. Akaiosha sahani, akaikausha, akanipa.

"Mwambie mama tumekula," alisema. "Hivyo tu. Tumekula."

Mama Achieng' naye alisema hivyo hivyo, akageukia ukuta. Maalim aliiweka sahani mbele yake, akanyanyua mikono, akasoma dua ndefu ambayo sikuijua. Nikashangaa kuona watu wazima wanausherehekea Uhuru kwa huzuni namna ile. Nikajisemea labda Uhuru ni kitu kizito.

Ninyi mmeshaelewa. Kuna chakula kimoja tu ambacho sahani yake hairudishiwi kitu, nacho ni sadaka ya marehemu. Jaja alikuwa amekufa. Baba aliambiwa na Sulemani, akapita mlango kwa mlango akiwasihi majirani wasimwambie mama mpaka ajifungue, kisha akaenda bandarini, akanunua senene kwa wanawake wa Bukoba wanaoshuka na meli, akatafuta majani ya mgomba, akafunga furushi kwa mikono yake ya kifundi. Alifikiria kila kitu isipokuwa mikono hiyo. Na mama, aliyeutambua msokoto wake, alielewa kilichotokea na kwa nini kimefichwa. Hakupiga yowe, maana yowe lilikuwa limeshamchukulia mtoto mmoja. Aliwasha jiko, akampikia mama yake matanga mchana kweupe, katikati ya ua, bila kutamka neno. Akanituma mimi, ambaye sikujua kitu, nipeleke habari.

Jioni baba alirudi. Akawekewa sahani yake.

"Jaja mwaka huu amejitahidi," alisema, akimega mkate.

"Amejitahidi," mama akasema.

Mimi sikujua kunyamaza. "Baba, leo tumegawa kwa watu wote, na sahani zote zimerudi tupu! Mama ndiye aliyesema."

Mkono wa baba ulisimama. Akamtazama mama. Mama alikuwa anamtazama yeye. Kisha baba akapeleka tonge mdomoni, akala, akamaliza sahani nzima na kuifuta kwa mkate, na alipoinuka alimgusa mama begani, akatoka kukaa nje kwenye mvua nyepesi. Tangu siku ile wote wawili walijua, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua, na wakajitia hamnazo. Waliogopa kwamba neno likitoka, mtoto atalifuata. Mama alilala na kuamka na msiba wake kooni. Nakumbuka alikonda usoni tumbo likiendelea kukua, na nakumbuka nilivyomchukia kidogo kwa kuacha kucheka.

Kwa kawaida baba alimnunulia mama kanga mpya kila baada ya senene. Ilikuwa desturi ya kwao mama, mke akimpa mumewe senene, mume anamvisha. Mwaka ule alimletea kanga ya Uhuru, kijani na nyeusi na njano, nzuri kweli. Mama alishukuru, akaikunja, akaiweka kwenye lile sanduku la zawadi. Siku ya Uhuru ilipofika tulikwenda kutazama taa. Taa nyingi zilikuwa za baba. Watu waliimba mpaka sauti zikawakauka, Mama Kulwa akacheza kwa miguu yote miwili, nami nikapanda juu ya jabali na mapacha tukapiga kelele hatujui tunapigia nini. Mama alikaa chini ya jabali, mkono chini ya tumbo. Nilimwuliza kama hafurahii. Akasema anafurahi, ila anafurahi akiwa amekaa.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, mwenye mapafu makubwa. Siku ya kumpa jina ua ulijaa. Baba alikuwa ameshatangaza kwamba ataitwa Uhuru, kama watoto wengi wa mwaka ule, na watu wameshaanza kumwita hivyo. Maalim alimpakata, akauliza jina.

"Mariamu," mama akasema.

Nilishtuka kuliko wote. Nilisogea nimkumbushe, nikamvuta nguo, nikamnong'oneza, "Mama, Jaja bado anaitikia." Akanitazama, akanishika kichwa kwa kiganja chake, akanibana kwenye paja lake. Hapo, nikiwa nimebanwa kwenye ile kanga ya Uhuru aliyokuwa ameivaa kwa mara ya kwanza, ndipo nilipoelewa. Nilielewa vyote kwa mpigo, sahani, dua ya Maalim, kimya cha nyumba yetu, na lile furushi la ajabu.

Baba aliinamisha kichwa. "Ulijuaje?" akauliza, mbele ya watu, kwa sauti ndogo.

"Kwa ulivyosokota," mama akasema.

Ndipo akalia. Sijawahi kusikia kilio kama kile na naomba nisikisikie tena. Alilia kwa lugha yao, akimwita mama yake kama mtoto aliyepotea sokoni, na wanawake wa ua ule, Msukuma na Mluo na wengine wote, walimzunguka wakalia naye msiba ambao walikuwa wameuficha kwa muda wote ule. Baba alimchukua mtoto, akatoka naye nje ili maziwa ya mama yasichanganyike na kilio. Mtoto hakufanya kitu. Alilala.

Mama alivuka ziwa baadaye, mtoto alipopata nguvu za shingo, kama alivyoahidi. Alikwenda na sanduku lake. Vitambaa aliwagawia shangazi zake, sabuni akairudisha, nadhani alishindwa kuiacha kaburini. Aliporudi alisema migomba ya Jaja bado inazaa. Furushi halikuja tena. Baba kila vuli alikwenda bandarini akanunua senene, akaleta kwenye karatasi ya sokoni bila kusokota chochote, na mama alikaanga akagawa, na sahani zikarudi na michembe kama zamani. Lakini sikumwona tena akisimama nyuma ya mlango.

Wakubwa wote hao wameshatangulia. Mariamu ndiye aliyebaki nami, mama mtu mzima sasa, na bado tunamwita Jaja. Nilipofika nyumbani na vifuko vyangu viwili kutoka kivukoni nilimpigia simu, akaja, akasema arobaini ya mama bado na watoto wameshapanga pilau na maturubai. Nikamwambia pilau ni ya watoto. Tukawatia senene kikaangoni tena, na kitunguu na chumvi, tukapanga sahani tulizonazo. Nikamtuma mjukuu kwa majirani, nikamshika mabega, nikamwambia aseme sahani zirudi tupu.

Zikarudi na biskuti. Zikarudi na mandazi, na machungwa, na moja ilirudi na paketi ya juisi. Vijana wa watu wana adabu, na hawajui. Mariamu akasema nisikasirike. Nilikasirika. Nilikaa barazani nikiona nimemwangusha mama, nimempikia matanga ambayo hakuna aliyeyajua.

Sahani moja ilichelewa, ile iliyopelekwa mtaa wa pili kwa Kulwa, pacha aliyebaki. Anatembea kwa mkongojo na magoti yake hayamsikii, kwa hiyo nilidhani atamtuma mtoto. Nikamwona anakuja mwenyewe, taratibu, kajifunika kanga kichwani, sahani ameibana kwapani. Alifika, akaninyooshea. Ilikuwa imeoshwa, imekauka, haina kitu.

"Tumekula," alisema, akakaa chini kando yangu.